Usaili wa uimbaji katika vyuo vya muziki vya Marekani: maandalizi kwa aliyekulia kwenye kwaya

Vyuo vingi vikubwa vya muziki nchini Marekani hufunga maombi tarehe 1 Desemba, na fomu haiendi peke yake: inaambatana na video ya mchujo. Wanaopita mchujo huitwa kwenye usaili wenyewe kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, ana kwa ana au kwa mtandao, na majibu hutoka kuelekea tarehe 1 Aprili. Ukihesabu kurudi nyuma, nyimbo ziwe zimechaguliwa kufikia Aprili ya mwaka unaoomba, ziwe kichwani kufikia Agosti, ziwe zimeimbwa mbele ya watu mara kadhaa Septemba, na zirekodiwe Oktoba. Wengi huanza Oktoba. Miezi miwili inatosha kujifunza wimbo, lakini haitoshi kuuzoea, na jopo hutambua tofauti hiyo kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Kwa shahada ya kwanza ya uimbaji wa klasiki, kinachoombwa kwa kawaida ni nyimbo tatu au nne: mmoja wa Kiitaliano, mmoja ulioandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo (si tafsiri), na mmoja wa Kijerumani au Kifaransa. Zote bila karatasi. Video ya mchujo mara nyingi inataka mbili tu kati ya hizo. Kila chuo kina masharti yake, kwa hiyo chukua daftari, uchore safu moja kwa kila chuo, uandike lugha, idadi, kama piano ni lazima, urefu wa video na ada ya maombi. Ada ni ya kila chuo na mara nyingi hufika dola 100 au kuzidi. Waulize kwa barua pepe kama wana msamaha wa ada. Wanaoulizwa mapema hujibu vizuri kuliko wanaoulizwa tarehe 30 Novemba.

Kosa linaloangusha watu wazuri ni kuchagua wimbo mkubwa. Kijana wa miaka 18 anatafuta aria ya opera (wimbo wa mtu mmoja ndani ya mchezo unaoimbwa) inayoimbwa na magwiji wa miaka 40, akidhani atawashangaza wasaili. Atawashangaza kweli, ila si kwa namna anayoitaka. Jopo linajua una miaka mingapi. Linachosikiliza ni kama sauti yako ina afya, kama unashika ufunguo bila kuteleza, kama pumzi inafika mwisho wa sentensi, na zaidi ya yote kama unafundishika. Kipimo rahisi: sauti ya juu kabisa ya wimbo iwe angalau toni moja nzima chini ya ile unayoifikia siku mbaya, siku una mafua kidogo. Halafu angalia wimbo unakaa wapi. Wimbo unaogusa F ya juu mara moja na kushuka ni mwepesi kuliko ule usiopita E lakini unazunguka D na E ukurasa mzima. Nyimbo za Kiitaliano za karne ya 17 na 18 huchapishwa katika funguo zaidi ya mmoja, kwa sauti ya juu na ya chini, kwa hiyo una hiari. Aria ya opera haishushwi ufunguo. Kama haikukai ilivyo, iache.

Ulimi wa Mswahili kwenye Kiitaliano

Hapa Mswahili ana bahati ambayo wengi hawaijui. Irabu zetu tano ni safi, hazijipindi katikati, na Kiitaliano kinataka hivyohivyo. Wanafunzi wa Kimarekani hutumia muda mwingi kujifunza kutamka "o" bila kuimalizia na "u". Wewe unayo tayari. Matatizo yako yako kwenye konsonanti.

Chukua mwanzo wa wimbo wa Antonio Caldara unaoimbwa sana kwenye usaili wa aina hii: "Sebben, crudele, mi fai languir." Mtu aliyezoea Kiswahili ataimba "Sebeni, kurudele, mi fai languiri." Sikiliza kilichotokea. B mbili zimekuwa moja, ilhali katika Kiitaliano midomo inafungwa na kusubiri kidogo kabla ya kufunguka. Kati ya k na r imeingia "u" ambayo haipo. Na maneno mawili yameongezewa "i" mwishoni, kwa sababu kwetu karibu kila neno humalizika kwa irabu. Ile "i" ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, maana inaongeza silabi ambayo mtunzi hakuiandikia noti, na mpiga piano anashindwa kujua umemaliza au bado. Dawa yake ni kusema neno taratibu, kusimamisha ulimi kwenye "r", kisha kukata pumzi kabla hujaachia ulimi. Jirekodi kwa simu, usikilize mwisho wa kila mstari tu. Fanya hivyo wiki mbili mfululizo.

Kijerumani kina "ü", ambayo hupatikana kwa kusema "i" huku midomo imeviringwa kama ya "u". D ya mwisho wa neno hutamkwa t. Kiingereza ndicho kinachodharauliwa, kwa kuwa kila mtu amekisoma shuleni. "Th" haikusumbui, unayo kwenye thelathini na dhahabu. Kinachosumbua ni "i" fupi na ndefu: "live" na "leave" zikiwa neno moja mdomoni mwako, maana ya ubeti mzima inapotea.

Tafsiri kila neno, si mstari kwa ujumla. Andika maneno yote kwa mkono, na chini ya kila moja weka Kiswahili chake. Wasaili huuliza "neno hili lina maana gani?" na anayebabaika hapo amejieleza vya kutosha. Ukishatafsiri, soma maneno kwa mapigo ya wimbo bila kuimba, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa chini kidogo ya mwendo wa kawaida. Kisha imba wimbo kwa irabu tu. Maneno na sauti viunganishwe mwisho. Na usikariri kuanzia mwanzo kila siku. Aliyekariri kama mnyororo, pete moja ikikatika hana pa kushikia. Gawa wimbo sehemu nne au tano, uanze siku moja na ya tatu, siku nyingine na ya mwisho.

Mazoezi ya sauti yatoshe saa moja kwa siku, tena kwa vipindi vya dakika 20 hadi 25 vyenye mapumziko katikati. Sauti ya kijana huumia kabla haijauma.

Tabia za kwaya za kuacha mlangoni

Kwaya hukufundisha kusikiliza wenzako, na hilo ni hazina. Pia hukufundisha kujificha. Mwanakwaya mzuri hupunguza sauti yake ili isitokeze, huvuta pumzi kwa zamu na wa pembeni yake, na humtazama mwalimu ili aanze. Kwenye usaili hakuna wa kumtazama. Pumzi yako ndiyo ishara ya mpiga piano, kwa hiyo vuta kwa mwendo wa wimbo, naye ataingia nawe. Panga mahali pa kupumua kwa penseli na usibadilishe wiki ya mwisho. Jambo jingine ni kuingia kwenye noti kwa chini na kuipandia. Katika sauti 40 halisikiki. Ukiwa peke yako linasikika kama hujui wimbo.

Kutoka solfa kwenda mistari mitano

Sehemu ya usaili inayowatisha watu wetu ni kusoma nota papo hapo na mtihani wa sikio, na hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Aliyesoma solfa, yaani d r m f s l t, tangu Jumapili za utotoni tayari anasikia umbali kati ya sauti na sauti. Asichojua ni kusoma mistari tu. Kazi yako basi ni moja: kuiona "do" kwenye mistari mitano ya nota.

Kanuni ni fupi. Kama mwanzo wa mstari una sharpu (alama ya kupandisha noti), sharpu ya mwisho upande wa kulia ni "ti", na "do" iko hatua moja juu yake. Kama kuna flati (alama ya kushusha noti), flati ya mwisho ni "fa", shuka hadi "do". Hakuna kitu? "Do" ni C. Chukua nyimbo za kwaya unazozijua vizuri kwa solfa, uziandike mwenyewe kwenye mistari mitano, moja kila siku mbili. Baada ya miezi mitatu jicho litakuwa limezoea. Halafu hamia kwenye nyimbo usizozijua: jipe sekunde 30 za kutazama, tafuta "do", piga mapigo kwa mguu kimyakimya, imba bila kusimama. Ukikosea noti, endelea. Anayerudi nyuma kusahihisha hupoteza mapigo, na kwa msikilizaji hilo ni kosa kubwa kuliko noti moja.

Tahadhari moja: kwenye ufunguo mdogo (minor), solfa yetu huanzia "la". Vyuo vingine vya Marekani huufundisha kwa "do". Ukiulizwa, sema unatumia mfumo upi kabla hujaanza.

Video ya mchujo

Video hii ndiyo usaili wa kwanza, na wengi hawaendi mbele ya hapo. Tafuta kanisa au ukumbi mtupu wenye piano iliyopimwa sauti. Nenda siku ya kazi, kwa muda wa saa mbili. Piga makofi mara moja: sauti ikidumu zaidi ya sekunde mbili hivi, chumba kina mwangwi mno na maneno yatamezwa. Paa la bati na mvua haviendi pamoja, kwa hiyo kama msimu ni wa vuli, rekodi asubuhi. Zima feni, jokofu lililo karibu na jukwaa na jenereta. Panga kati ya vipindi vya adhana na kengele.

Simu ilale mlalo kwenye kishikio, mita mbili na nusu hadi tatu kutoka kwako, usawa wa kifua, ikiwa kwenye hali ya ndege. Uonekane kuanzia magotini, mikono na uso vikiwa wazi, dirisha likiwa mbele yako na si nyuma. Tatizo la simu ni kwamba hupandisha na kushusha sauti yenyewe: ukiimba kwa nguvu inabana, ukiimba kwa sauti ndogo inavuta kelele za chumba. Kazi yote ya kupanda na kushuka inapotea. Maiki ya nje inayochomekwa kwenye simu, pamoja na programu inayokuruhusu kuweka kiwango mwenyewe, hulitatua. Weka kiwango ili sehemu ya nguvu kabisa ifike karibu desibeli 6 chini ya kikomo. Maiki ielekee kwako, isiwe karibu na piano kuliko mdomo wako.

Usikate wala kuunganisha ndani ya wimbo mmoja. Ni marufuku, na hujulikana. Kati ya wimbo na wimbo unaweza kusimama. Imba kila wimbo mara tatu, isizidi nne. Baada ya hapo sauti hushuka na unapoteza ulichokuwa nacho.

Kisha kuna kupakia. Dakika moja ya video ya 1080p huchukua takriban megabaiti 60 hadi 130 kulingana na simu, hivyo wimbo wa dakika nne unaweza kufika nusu ya gigabaiti. Pakia katikati ya Novemba, usiku wa manane, mtandao ukiwa mtupu. Kama fomu inasema mwisho ni 11:59 p.m. (yaani saa 5:59 usiku) kwa saa za New York, kwa Dar es Salaam na Nairobi hiyo ni saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata. Usiitegemee dakika hiyo.

Siku yenyewe

Usaili kwa kawaida huchukua dakika 10 hadi 15. Wimbo wa kwanza unachagua wewe, na wa pili wanachagua wao. Anza na ule unaoweza kuuimba umeamshwa usingizini, si ule mgumu. Wakikukatisha katikati usivunjike moyo, wamesikia walichotaka na saa inawakimbiza.

Kama ni kwa mtandao, saa 9 alasiri ya Boston mwezi Januari ni saa 5 usiku kwako. Zoeza sauti kuimba saa hiyo kwa wiki mbili, na ule angalau saa mbili kabla. Kwenye Zoom washa kipengele cha sauti asilia kwa wanamuziki ("Original Sound for Musicians"), la sivyo programu itaikata sauti yako ikidhani ni kelele. Mpiga piano awe chumba kimoja nawe, kwani ucheleweshaji wa mtandao hauruhusu vinginevyo.

Ukisafiri, fika siku mbili kabla. Vyumba vya Marekani wakati wa baridi vina joto kavu linalokausha koo. Maji unayokunywa mlangoni hayaisaidii sauti ya saa hiyo, ya jana na juzi ndiyo yanayosaidia. Mpiga piano wa chuo mpe nota za ufunguo uleule utakaoimba, kwenye faili linalofunguka na kukaa wazi, na umwonyeshe mwendo kwa kumwimbia mstari wa kwanza taratibu. Usimpigie vidole.

Mwisho watauliza umetoka wapi kimuziki. Usiifiche kwaya, wala taarabu, wala ngoma ya kwenu. Chuo kinachoruhusu wimbo wa hiari kinaweza kuupokea wa Kiswahili, mradi uwe umeandikiwa piano kwenye mistari mitano, kila noti mahali pake, maana mpiga piano wao hasomi solfa.