Kutoa antioksidanti kwenye machicha ya bia

Wahi machicha, yaani mabaki ya nafaka yanayobaki baada ya kutengeneza bia, yakiwa mabichi. Yanapotoka kuchujwa huwa na maji kati ya 70% na 80% na sukari iliyosalia, kwa hiyo huchacha upesi. Mimi huyakamua kwa kitambaa, nikayatandaza kwenye sinia yasizidi unene wa kidole, kisha huyakausha kwenye oveni isiyovuka 60°C. Ukiyafikicha yakalia kwa ukavu na yasiache unyevu kiganjani, saga.

Wengi huanza na ethanoli ya 60% na kuishia hapo. Mimi nasema hapo wameacha mali nyingi kwenye makapi. Ethanoli huchukua fenoli (kemikali za mimea ambazo ndizo antioksidanti, yaani huzuia oksijeni isiharibu vitu) zilizo huru, nazo ni chache. Asidi ya feruliki na asidi ya p-kumariki, fenoli zinazotafutwa hasa, zimeshikwa kwenye kuta za seli kwa vifungo vya esta, na vifungo hivyo huvunjwa na alkali.

Tayarisha alkali hiyo, sodiamu haidroksaidi ya 2 M (moli 2 kwa lita), yaani gramu 80 katika lita moja ya myeyusho. Vaa miwani na glavu, utie alkali ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya alkali kamwe, maana hutoa joto kali na kuruka. Kwa gramu 1 ya unga tia mililita 20. Funika chupa kwa karatasi ya alumini, pitisha gesi ya naitrojeni, uache ikikorogeka kwa saa 4 kwenye joto la kawaida. Naitrojeni usiipuuze: ndani ya alkali, oksijeni huziharibu fenoli unazozihangaikia.

Kisha dondoshea asidi ya haidrokloriki polepole, chupa ikiwa kwenye barafu, hadi pH 2, yaani iwe na uasidi mkali. Utaona mabonge ya protini yakijitenga kama maziwa yaliyoganda. Chuja, halafu osha maji hayo mara tatu kwa ethili asetati, kiyeyusho kinachozivuta fenoli kutoka kwenye maji. Tabaka la juu ndilo lako. Livukize kwa ombwe, chini ya 40°C.

Kupima, kipimo cha Folin-Ciocalteu cha jumla ya fenoli (husomwa kwenye mwanga wa nanomita 765) hakitoshi, kwani hata sukari na protini hukidanganya. Ongeza kipimo cha DPPH, kemikali inayozimwa na antioksidanti: zambarau yake hufifia kuelekea njano, nawe husoma kwenye nanomita 517.

Dondoo la njia hii ni la maabara, si la kula. Ukitaka la chakula, baki na ethanoli ya daraja la chakula. Lihifadhi kwenye chupa ya kahawia, -20°C. Mwanga hubadili umbo la asidi ya feruliki.