Mahojiano ya falsafa: zoea kubanwa maswali

Kama umeomba kusomea falsafa Oxford na uko Nairobi ukisubiri mahojiano ya Desemba, tafadhali usimalize wiki hizi ukikariri Plato na Kant. Wanaokuhoji wanataka kuona unavyofikiri hoja yako inapopingwa.

Tafuta rafiki mbishi. Chukua neno la kawaida, tuseme uongo, ueleze maana yake. Utasema ni kutamka jambo lisilo kweli. Akubane: makanga aliyekwambia gari linapitia Lang'ata, kumbe naye hakujua njia imebadilishwa, ni mwongo? Basi utaongeza nia ya kudanganya. Akubane tena: aliyekusudia kukudanganya, lakini alichosema kikatokea kuwa kweli bila yeye kujua, je? Hapo usikimbilie jibu. Sema kwa sauti unachopima, na hoja ikivunjika kubali wazi, kisha uirekebishe. Kung'ang'ania hakukusaidii hata kidogo.

Ukiwa na nafasi, soma namna Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alivyowahoji wazee wenye hekima wa Kenya kuhusu Mungu, kifo na uhuru. Ni mfano bora sana wa mtu kutetea wazo lake mbele ya anayemuuliza, na ni wa hapa kwetu.

Mahojiano hufanyika mtandaoni, kwa hivyo angalia saa vizuri: saa nane mchana Uingereza mwezi huo ni saa kumi na moja jioni kwetu.