Jinsi ya kufuatilia muswada wa maji Texas na kuutolea maoni mbele ya kamati

Muswada wa maji katika Bunge la Texas mara nyingi huamuliwa wiki kadhaa kabla ya kupigiwa kura ukumbini. Huamuliwa ndani ya chumba cha kamati, na anayesikilizwa humo ni yule aliyekuja na takwimu moja sahihi na sentensi iliyokwisha kuandikwa ya kuweka mahali pa ile mbovu. Mwongozo huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Texas, wawe Houston, Dallas, Fort Worth au Abilene. Si lazima uwe raia ili utoe maoni mbele ya kamati. Uraia unadaiwa pale tu marekebisho ya katiba yanapopelekwa kwa wapiga kura.

Kalenda kwanza

Kikao cha kawaida cha Bunge hufanyika kila baada ya miaka 2, katika mwaka witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, na hakizidi siku 140. Muda ni mfupi mno, na miswada mingi hufa kwa kukosa muda bila hata kukataliwa na mtu. Kwa kikao cha 2027, ziandike tarehe hizi:

- 9 Novemba 2026: wabunge wanaanza kuwasilisha miswada mapema.
- 12 Januari 2027: kikao kinafunguliwa.
- 12 Machi, siku ya 60: mwisho wa kuwasilisha miswada ya kawaida.
- 13 Mei, siku ya 122: kwa kanuni za vikao vya karibuni, muswada uliotoka Baraza la Wawakilishi na haujasomwa mara ya pili kufikia usiku wa manane umekufa.
- 31 Mei: siku ya mwisho ya kikao.
- 20 Juni: mwisho wa gavana kukataa miswada iliyomfikia dakika za mwisho.

Kanuni hupitishwa upya kila kikao kinapoanza, kwa hiyo ile siku ya 122 ihakiki Januari. Kazi ya kuzungumza na mbunge wako ifanyike kabla ya Machi, wakati maandishi ya muswada bado ni laini.

Miswada ya maji kwa kawaida hupitia kamati mbili: Natural Resources kwa upande wa Wawakilishi, na Water, Agriculture and Rural Affairs kwa upande wa Seneti. Fungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya Bunge, capitol.texas.gov, ingiza namba ya muswada, uombe taarifa kwa barua pepe kila muswada unapopiga hatua. Ingiza pia namba ya pacha wake, maana muswada mmoja mara nyingi huwasilishwa pande zote mbili, na ule usioufuatilia ndio unaoweza kupita.

Kuusoma muswada

Namba ikianza na HB (Wawakilishi) au SB (Seneti), huo ni muswada wa kawaida. Ikianza na HJR au SJR, ni marekebisho ya katiba: unahitaji theluthi mbili ya kila upande, yaani wawakilishi 100 kati ya 150 na maseneta 21 kati ya 31, kisha kura ya wananchi. Saini ya gavana haihitajiki hapo.

Maneno yaliyopigiwa mstari chini ni mapya. Yaliyo ndani ya mabano ya mraba na kukatwa kwa mstari yanafutwa. Mengine yote ni sheria iliyopo, imewekwa ili usipotee. Soma mapya na yanayofutwa kwanza, halafu rudi kwenye tafsiri za maneno, kwa sababu kifungu kikali hulegezwa huko. Kisha tafuta vitenzi. Sheria ya Texas ya kufasiri sheria inasema wazi kwamba "shall" ni wajibu na "may" ni hiari. Muswada unaosema wakala "may" kufuatilia uvujaji haujamlazimisha mtu yeyote kufanya lolote.

Angalia pia vipimo vya idadi ya watu. Ukiona maneno kama "kaunti yenye watu zaidi ya kiasi fulani na iliyopakana na kaunti yenye watu chini ya kiasi fulani", jua sheria hiyo imekatwa kwa kipimo cha sehemu moja tu. Chukua takwimu za sensa, tafuta ni wapi, na hapo ndipo utakapojua nani ana maslahi.

Mwisho soma fedha. Mfano mzuri ni HJR 7 ya 2025, iliyofika kwa wapiga kura kama Pendekezo la 4 na kupitishwa 4 Novemba 2025. Wengi walisikia dola bilioni 1 kwa mwaka kwa ajili ya Mfuko wa Maji wa Texas. Maandishi yenyewe yanasema fedha hizo zinatoka kwenye kodi ya mauzo, kuanzia mwaka wa fedha wa 2028, na pale tu makusanyo ya kodi hiyo ya mwaka yanapokuwa yamepita dola bilioni 46.5. Ukiona kiasi cha fedha, endelea kusoma mpaka ulifikie sharti lake.

Maji ni ya nani

Hapa ndipo maoni mengi ya wananchi huanguka. Maji ya mto na ziwa ni mali ya jimbo, na kuyatumia kwa kawaida kunahitaji kibali cha TCEQ, tume ya mazingira ya jimbo. Maji ya chini ya ardhi ni ya mwenye ardhi. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Texas ya mwaka 1904, mwenye ardhi anaweza kuyavuta hata kisima cha jirani kikikauka, na vizuizi vyake ni vichache. Breki kubwa ni wilaya za hifadhi ya maji ya chini ya ardhi, ambazo Bunge limeziruhusu tangu 1949. Hizo ndizo zinazotoa vibali vya visima, na kuna maeneo yasiyo na wilaya kabisa.

Kwa hiyo ukisimama na kusema "serikali imzuie jirani kuvuta maji", wajumbe watakushukuru na kuendelea na shughuli zao. Ukisema "kifungu hiki kiipe wilaya mamlaka ya kupima athari kwa visima vilivyopo kabla ya kutoa kibali cha kusafirisha maji nje", umewapa kitu cha kuandika. Jua pia kwamba kisima cha nyumbani au cha mifugo kwenye shamba linalozidi ekari 10, kisichoweza kutoa zaidi ya galoni 25,000 kwa siku, hakihitaji kibali cha wilaya. Muswada ukigusa namba hizo mbili, unagusa maelfu ya wenye mashamba, na chumba kitajaa.

Vipimo na hesabu

Miswada huhesabu maji kwa ekari-futi, yaani maji yanayofunika ekari moja kwa kina cha futi moja. Ni galoni 325,851, au mita za ujazo 1,233 hivi. Mradi wa ekari-futi 10,000 kwa mwaka ni sawa na galoni milioni 8.9 hivi kwa siku. Andika uwiano huo pembeni ya karatasi yako, kwani kuchanganya ekari-futi na galoni mbele ya kamati kunamaliza imani ya wasikilizaji papo hapo.

Takwimu yenye nguvu kuliko zote ni upotevu wa maji wa mji wako, na kwetu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha muswada wowote wa kuhifadhi maji. Kampuni au mji unaohudumia wateja zaidi ya 3,300 lazima upeleke ukaguzi wa upotevu kila mwaka kwa TWDB, bodi ya maendeleo ya maji, kufikia 1 Mei. Omba nakala, kisha fanya hivi:

1. Chukua maji yote yaliyoingia kwenye mtandao wa mabomba. Tuseme galoni milioni 500.
2. Toa yaliyolipiwa, milioni 380, na yaliyotumika kihalali bila malipo, kama vile kuzima moto na kusafisha mabomba, milioni 5. Unabaki na milioni 115.
3. Toa upotevu wa kwenye karatasi: mita zilizochoka zinazosoma pungufu, wizi na makosa ya bili. Tuseme milioni 20. Zinabaki milioni 95, na hizo zinavuja ardhini.
4. Gawa kwa idadi ya wateja na kwa siku 365. Kwa wateja 6,000 unapata galoni 43 hivi kwa kila mteja kwa siku.

Tumia namba hiyo ya mwisho, usitumie asilimia. Wakazi wakibana matumizi wakati wa ukame, asilimia ya upotevu hupanda ingawa mabomba yanavuja kiasi kilekile, na mji uliofanya vizuri huonekana umezembea. Muswada unaopanga adhabu kwa asilimia una kasoro hiyo ndani yake, na hilo ni jambo linalofaa sana kusemwa kwenye kamati.

Dakika mbili au tatu

Mwenyekiti ndiye anayeweka muda, na siku yenye mashahidi wengi hushuka hadi dakika 2. Hayo ni maneno kama 250 ya Kiingereza. Yapange hivi: jina na mji wako, unaunga mkono, unapinga, au unatoa maelezo tu, kifungu gani, ukurasa na mstari, takwimu yako moja, sentensi unayotaka iwekwe, neno kwa neno. Ishia hapo. Historia ya ukame wajumbe wanaijua. Kama Kiingereza kinakupa shida, mpigie karani wa kamati mapema umweleze kwamba utakuja na mkalimani.

Tangazo la kikao cha kamati hutoka siku 5 kabla kwa Wawakilishi, lakini saa 24 tu kwa Seneti. Kumbuka saa zinaandikwa kwa mtindo wa Marekani, hivyo 8:00 a.m. ni saa mbili asubuhi. Tangazo likisema kamati itakaa baada ya ukumbi kuahirishwa, unaweza kusubiri mpaka jioni. Beba chakula na uombe ruhusa ya siku nzima kazini. Jiandikishe siku hiyo kwenye mashine zilizo jengoni Austin, ukichagua namba sahihi ya muswada na kueleza kama unajiwakilisha mwenyewe. Leta nakala 20 za maoni yako.

Kosa linalowapata hata wazoefu ni kuzungumzia maandishi yaliyokwisha badilishwa. Mwandishi wa muswada huweza kuleta toleo mbadala asubuhi ileile. Muulize karani kabla ya kuketi: kuna toleo mbadala? Likiwapo, hakiki kwanza kama ukurasa na mstari wako bado vipo.

Usipoweza kusafiri, Baraza la Wawakilishi hupokea maoni ya wakazi kupitia tovuti yake, yasiyozidi herufi 3,000, mpaka kikao cha kamati kifungwe. Kwa Seneti, wasiliana na ofisi ya kamati na ya seneta wako.

Baada ya kikao cha kamati

Utasikia muswada "umeachwa", yaani haujapigiwa kura siku hiyo. Hiyo ni kawaida. Siku mbili tatu zinazofuata, watumie wafanyakazi wa mwenyekiti sentensi yako kwa barua pepe, tayari kunakiliwa. Muswada ukipita kamatini kwa Wawakilishi, unakwenda kwa kamati ya kalenda inayopanga siku ya mjadala, na hapo miswada mizuri mingi hukwama bila maelezo. Mpigie mbunge wako aulizie. Kwa Seneti, kanuni za vikao vya karibuni zimetaka kura 18 ili muswada ufike ukumbini.

Sheria ikipita, kwa kawaida huanza kutumika 1 Septemba, isipokuwa theluthi mbili ya kila upande wamekubali ianze mara moja. Kisha TWDB au TCEQ huandika kanuni za utekelezaji na kuzitangaza katika gazeti la jimbo, Texas Register, na kupokea maoni kwa muda ambao mara nyingi ni siku 30. Wachache sana hufika hatua hiyo. Ile sentensi iliyokataliwa kamatini ipeleke huko tena, ukitaja namba ya kanuni inayopendekezwa, maana wakala analazimika kujibu maoni yaliyotolewa anapoipitisha.