Panga saa kwanza, "udanganyifu" baadaye
Wakili mwenzangu unayeanza na majalada ya bima hapa Tabora, kabla hujaandika neno "udanganyifu" kwenye utetezi wa kampuni ya bima, chukua karatasi moja upange saa. Bima ilianza lini, saa ngapi? PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa hospitalini, ilitolewa lini? Daftari la mapokezi hospitalini linasema majeruhi aliingia saa ngapi, na trafiki alichora ramani ya ajali lini? Bima ya bodaboda iliyokatwa saa nne asubuhi haiwezi kulipia ajali ya alfajiri ileile. Madai ya uongo mengi nimeyaona yakifia hapo.

Ila pengo la saa peke yake si ushahidi. Mtu aliyeumia kijijini kule Urambo anaweza kufika hospitali kesho yake kwa kukosa usafiri tu, kwa hiyo nenda ukaulize. Inauma sana kumwita tapeli mtu aliyevunjika mguu kweli. Tena Amri ya VI kanuni ya 4 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka udanganyifu uelezwe kinagaubaga, pamoja na tarehe, na mahakama hutaka uthibitisho mzito kuliko wa madai ya kawaida.

Stika ya bima nayo ihakiki mapema kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.