Somo: Kuangalia maua ya pori kando ya barabara, mvua zikianza Lubumbashi

Maua mengi ya Katanga hayangoji mvua ikolee. Septemba na Oktoba yanatoka pale moto wa pori ulipopita, udongo ungali mweusi. Mimea hiyo imeficha shina lake chini ya ardhi. Moto unakula majani tu, kisha ua linatangulia kuchipuka. Basi usipite haraka mahali palipoungua.

1. Barabara ya Kipushi, karibu kilomita 30, inatosha kwa asubuhi moja. Ya Likasi ina malori mengi mno. Pita mashamba na matanuru ya makala, kisha uingie porini hatua ishirini hivi, maana karibu na barabara vumbi jekundu linafunika kila kitu. Penye uzio au kibao cha mgodi, usiingie.

2. Fika saa kumi na mbili asubuhi. Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi: kuna kupe na siafu.

3. Tembea polepole, macho chini. Mvua za kwanza zikinyesha, tafuta Costus spectabilis, jamaa ya tangawizi: majani manne manene yamelala chapa juu ya udongo kama sahani, na katikati ua la manjano lisilo na kikonyo. Kila ua hukaa siku moja tu, kwa hiyo ukiahirisha hadi kesho utakuta jingine, au hutakuta kitu. Kwenye vichuguu na kivulini angalia Scadoxus, tufe jekundu la maua madogo mengi.

4. Piga picha nne: mmea mzima, jani, ua kwa mbele, ua kwa nyuma, na kalamu pembeni ionyeshe ukubwa. Wengi wanapiga ua peke yake kutoka juu, halafu hakuna anayeweza kulitambua. Ua jeupe likitoka bila mistari, likinge jua kwa mwili wako, gusa ua kwenye kioo cha simu, upunguze mwanga.

Maswali

— Nilichimba kiazi cha Gloriosa, lile ua jekundu na manjano linalopanda juu ya mimea mingine, kikaoza nyumbani. Kwa nini?
Mama, kiazi kile kina jicho moja, nchani. Likivunjika, hakioti tena. Pia kina sumu kali, kolichisini, hata mbegu zake nyekundu, watoto wasiviguse. Acha kiazi porini.

— Kwenye vilima vingine hakuna miti, ni majani na maua ya zambarau. Udongo umechoka?
Hapana, ndugu. Una shaba nyingi, miti haiuvumilii. Ua lile ni Haumaniastrum katangense, watafutaji madini wanalitumia kama alama. Linachanua mvua zikielekea kwisha, kwa hiyo Oktoba usilitafute.

— Kikanda kina maua?
Kinayo, na ni mazuri sana! Kikanda ni chakula cha viazi vya okidi, Disa na Satyrium hasa. Kila kiazi kinachong'olewa kuuzwa sokoni ni ua moja limepungua, na linapochimbwa kabla ya mbegu kukomaa halina mrithi. Ukiliona limechanua, usimwonyeshe mchimbaji mahali lilipo.