Somo: kufikisha kazi ya ndala kwenye banda la maonyesho ya nje

Naweka hapa mara moja. Kila zikitangazwa nafasi, inboksi inajaa swali lilelile: "Nina samaki niliowachonga kwa ndala zilizookotwa ufukweni, nawafikishaje Venice?" Tanzania ilipata banda lake la kwanza Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia, mwaka 2024, Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani, 2025 yamepita, na hamu haitapungua. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo tu.

1. Okota. Ufukwe wowote, maji yakipwa.

2. Osha kwa sabuni na brashi. Vile vigamba vigumu vilivyong'ang'ania soli vikwangue vyote. Kiumbe wa bahari akionekana mpakani, maswali hayaishi. Anika kivulini.

3. Panga kwa rangi, bandika matabaka kwa gundi ya fundi viatu, bana usiku kucha, chonga. Ukipiga msasa vaa barakoa.

4. Amua kazi itaishia wapi kabla hujaianza. Waandaaji makini siku hizi wanauliza hilo kwenye fomu, na wana haki. Mwaka 2023, kwenye Biennale ya Usanifu hukohuko Venice, Ujerumani ilijaza banda lake vifaa vilivyobaki kwenye mabanda ya nchi nyingine baada ya maonyesho ya sanaa ya 2022. Kazi ya mazingira inayoishia jalani Italia, kwangu mimi, ni takataka iliyosafirishwa kwa gharama.

5. Kreti. Hapa soma taratibu, kazi nzuri nyingi hukwama hapa. Mbao hubeba wadudu, kwa hiyo nchi nyingi zinafuata kanuni iitwayo ISPM 15: mbao za kufungashia zipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha zigongwe muhuri wenye suke la ngano, herufi za nchi (TZ, KE) na HT, yaani zimepashwa joto. Plaiwudi imesamehewa, maana imeshapitia gundi, joto na mgandamizo. Basi fundi atakwambia, "Bosi, hii plaiwudi tupu, huna shida." Geuza kreti uangalie chini. Zile papi mbili-kwa-mbili alizopigilia ili forklifti iingize meno ni mbao za kawaida, zinadaiwa muhuri. Za kwenye kona za ndani pia. Na fundi asikuchoree muhuri mwenyewe: anayegonga ni mwenye kibali, na namba yake imo ndani ya alama. Tumia skrubu, si misumari, kwa sababu kreti hiyohiyo ndiyo ya kurudia.

6. Tundika kwa waya wa chuma, na wa pili wa tahadhari. Pa kufunga darini anasema injinia wao, si wewe.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Gundi gani?

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Mbagala: Poa. Ila muhuri lazima kweli? Si naandika tu ni mzigo wa sanaa?

Jibu: Mdudu hasomi karatasi za forodha.

Dada wa Kilifi: Habari kaka. Wa Ulaya wananidai cheti cha moto, "B-s1,d0". Hizo herufi ni nini, na mbona d0 wameikazania hivyo?

Jibu: Nzuri dada, na umeuliza la maana. Ni viwango vya Ulaya vya kupima moto, EN 13501-1. Herufi ya kwanza ni jinsi kitu kinavyochangia moto: A1 hakiwaki, kama jiwe, inashuka hivyo mpaka F. s ni moshi, s1 ndio mdogo kabisa. d ni matone yanayowaka, d0 hakuna kabisa. Sasa ndala nyingi za sponji ni EVA, aina ya plastiki laini, ikishika moto inayeyuka na kudondoka, na kazi yako inaning'inia juu ya vichwa vya watu. Tuma sampuli maabara kabla hujachonga kundi zima, na iwe na gundi yako na rangi yako, kwa sababu navyo vinaungua. Ikigoma, ongea nao mapema. Kazi nyingine huokolewa kwa kushushwa sakafuni, mbali na taa.

Mchongaji Tanga: Mbona Flipflopi, lile jahazi la Lamu, ni ndala tupu na ilifika Zanzibar?

Jibu: Si ndala tupu, ndugu. Lile jahazi la mita 9 lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake, mbao zake ni plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ndala 30,000 ni vazi la nje. Nawe tia kiunzi ndani: samaki anayezidi urefu wa mkono apate fimbo ya alumini mgongoni, vinginevyo atapinda.

Mzee wa Kariakoo: Unapandisha uchafu ndege halafu unahubiri mazingira. Unafiki.

Jibu: Nani kataja ndege, mzee wangu? Meli ipo. Na buni kitu kinachokunjika. El Anatsui, msanii wa Ghana, mwaka 2007 alifunika uso wa jumba la Palazzo Fortuny hukohuko Venice kwa vizibo vya chupa vilivyoshonwa kwa waya, na nguo zake zile zinakunjwa kama shuka. Soma na hatua ya 4.

Dada wa Kilifi: Asante sana. Nami niongeze: ndala ziloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi usiku mzima, ubadilishe maji asubuhi. Chumvi ikibaki kwenye vinyweleo gundi inabanduka.

Jibu: Hiyo naiingiza hatua ya 2. Unatumia brashi gani?

Dada wa Kilifi: Kumbi la nazi. Brashi ya dukani inachana sponji.