Namna ya kununua sola kupitia VICOBA bila kuumia

Nafunga sola vijijini Kondoa, na wateja wangu wengi ni akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Mama akinipigia, swali la kwanza huwa bei ya paneli. Namjibu: mama, niambie kwanza jua likizama mnawasha nini, na kwa muda gani.

Fungueni daftari mpige hesabu. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 100. Redio na simu, wekeni 30. Paneli ya wati 50 ikipata saa 5 za jua kali hutoa kama wati-saa 250 kwa siku. Vumbi, joto na nyaya vitakula sehemu, lakini inatosha. Betri ndiyo huwalaza watu gizani. Ya asidi isishuke chini ya nusu, kwa hiyo chukueni ya volti 12, Ah (ampea-saa) 26 au zaidi. Ya lithiamu ni ghali, ila inadumu miaka mingi zaidi. Kikundi kikiweza kuongeza mkopo kidogo, kiongeze hapo.

Dukani, paneli itolewe nje juani, saa sita mchana. Volti pekee hazitoshi: hata paneli ya wati 20 husoma volti 21. Fundi ahamishie mita kwenye ampea, aguse nyaya mbili za paneli. Ya wati 50 husoma karibu 3. Ikisoma 1 na kitu, kibandiko cha nyuma ni cha uongo. Rudisheni hapo hapo.

Mkiletewa mkopo wa kulipia kwa simu, zidisheni kabla ya kusaini. Tuseme kianzio ni 20,000 na kila siku 700 kwa miaka 2: jumla 531,000. Linganisheni na bei taslimu ya seti moja mkinunua seti kumi kwa pamoja, mjumlishe na riba ya kikundi chenu.

Huku kwetu paneli iangalie kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe, mbali na kivuli cha mwembe. Kwenye kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, unganisha betri kwanza, paneli baadaye.

Kila mwezi wekeni akiba ya betri kwenye sanduku, kando na hisa. Asiyemudu mkopo wa seti nzima aanzie taa ndogo ya sola yenye kuchaji simu. Pesa aliyokuwa akinunulia mafuta ya taa ndiyo itakuwa marejesho yake.